Sura ya Nne: Mahame

Minyaa haijioteshi kwa mstari. Mbegu ya mkwaju itaangushwa na tumbili, ya mbuyu itabebwa na nyani, lakini mnyaa hupandwa kwa kijiti: mtu anakata, anachomeka, anashindilia kwa kisigino. Ukiwa Ikungi au Singida Vijijini, ukakuta kichakani minyaa imenyooka hatua thelathini kisha ikapiga kona, simama. Uko uani kwa mtu.

Sisi tuliiona tukiwa tumekwisha kupatana bei. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na kiinua mgongo chake na hamu ya kujenga nyumba kumi za kupangisha kando ya lami ya Manyoni kwenda Singida. Ikibaki nafasi, alipanga kukata viwanja awauzie watumishi. Dalali alitupeleka kwa bodaboda mbili. Eneo lilikuwa ekari nane, tambarare kama kiganja, nyasi fupi, mti mmoja mmoja.

"Mwalimu, hapa ni kweupe," alisema dalali. "Lami hii hapa, nguzo ya umeme ile pale, na mtu hata mmoja hakuna. Mwenyewe ni kijiji tu. Unalipa leo, kesho unashusha mawe."

Mwalimu alinitazama kwa macho ya mtu aliyeokota dhahabu Sekenke.

Sura hii inatokana na lile neno "kweupe". Mkoa wa Singida ulikuwa na watu 1,370,637 katika sensa ya 2012, na miaka kumi baadaye ukawa na zaidi ya milioni mbili. Katika mkoa unaojaa kwa kasi hiyo, ekari nane tambarare za kando ya barabara kuu haziachwi wazi kwa bahati. Kuna aliyepaacha, au kuna kinachowafukuza watu pale. Inawezekana ni maji, au udongo, au ukoo unaopakumbuka. Kutathmini kiwanja cha kijijini, kwa ninavyoona mimi, ni kuitafuta sababu hiyo kabla ya kutafuta mpima. Mpima atakupa vipimo vya eneo na atasimika bikoni zake kwa usahihi mkubwa hata katikati ya kaburi.

Kiswahili kina neno zuri kwa mahali palipokaliwa kisha pakaachwa: mahame. Singida imejaa mahame, na ili kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Wanyaturu, wenyeji wa sehemu kubwa ya Ikungi, Singida Vijijini na manispaa yenyewe, hawakuwa na desturi ya kujenga kwa kubanana. Mji wa mtu ulikaa juu kidogo, penye udongo unaonyonya maji haraka. Zizi lilikuwa karibu na mlango, na shamba la uwele na mtama liliuzunguka mji. Samadi ilitoka zizini kwenda shambani kwa hatua chache, mwaka baada ya mwaka, hadi udongo wa kichanga uliokuwa maskini ukawa mweusi na mnene. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyekaa nao na kuchapisha kitabu The Wahi Wanyaturu mwaka 1970, alieleza kwa kirefu namna ng'ombe, samadi na nafaka vilivyofungamana katika uchumi huo. Ng'ombe hakuwa mapambo ya utajiri. Bila samadi yake kwenye ardhi ile, nafaka ilikuwa ya kubahatisha. Chini, kwenye mbuga ya udongo mfinyanzi, hakuna aliyejenga. Huko kulikuwa malisho ya kiangazi.

Kwa hiyo mwinuko mmoja mdogo, ambao mgeni akipita na gari hauoni kabisa, ulikuwa na ramani yake: mji juu, shamba katikati, malisho chini. Nyumba yenyewe ilikuwa tembe, ya kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, iliyoinama kwa kimo kidogo mbele ya upepo. Watu hucheka tembe siku hizi. Aliyewahi kulala chini ya bati jipya Singida usiku wa Agosti, upepo ukilivuta kila msumari, hacheki.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliamua kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vilivyopangwa ifikapo mwisho wa 1976, na Novemba mwaka uleule Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Nchi nzima ikaanza kuhama, Singida ikiwamo. Haikuwa tathmini mbaya tu ya viwanja. Mara nyingi haikuwa tathmini. Waliochagua maeneo walikuwa na kamba, vigingi na tarehe ya mwisho. Walitaka mahali ambapo lori litafika, shule na zahanati zitajengwa, na nyumba zitapangwa kwa safu. Hayo yote yanapatikana kando ya barabara, kwenye tambarare. Sheria ya 1975 ikaweka kiwango cha kaya 250 ili kijiji kiandikishwe, na hesabu hiyo ikawa na nguvu kuliko udongo. Mtu akakuta nyumba yake iko kwenye safu ya tatu na samadi ya miaka arobaini imebaki mahameni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa hasara. Shule zilijengwa kweli, na wengi waliozaliwa baada ya hapo wasingekubali kurudi juu kwa babu, mbali na kisima cha pampu. Lakini amri ilipolegea, wapo waliorudi mahameni kimyakimya, wapo waliobaki kijijini na kuendelea kulima mahame yao, na wapo walioyaacha yakaota vichaka. Ndiyo maana kipande kimoja cha ardhi leo kinaweza kuwa na watu watatu wanaokidai kwa haki tupu. Wa kwanza ni ukoo uliokuwepo kabla ya 1974. Wa pili alipewa na kamati ya kijiji wakati wa Operesheni. Wa tatu alikuja miaka ya tisini, akaomba kulima kwa ruhusa ya mdomo, na sasa ana wajukuu.

Sheria imejaribu kulifumua fundo hili zaidi ya mara moja. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi 1991 na 1992 ikikusanya malalamiko ya namna hii. Wakati huohuo, mwaka 1992, Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kwa mkupuo haki za kimila za watu waliopoteza ardhi kwenye uundaji wa vijiji. Mahakama ya Rufani ikaja kuivunja nguvu mwaka 1994, katika kesi maarufu ya Lohay Akonaay, baba aliyefungua shauri pamoja na mwanawe Joseph. Majaji walisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na mali inalindwa na Katiba. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ambayo kifungu chake cha 15 kinathibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, hata kama wakati ule haukufuata sheria yoyote. Aliyepewa kiwanja kwenye safu ya tatu, basi, yuko salama.

Lakini soma tena. Kifungu kinamlinda aliyepewa. Kuhusu mahame yasiyogawiwa mtu, yaliyobaki na minyaa yake, hakisemi kwamba sasa ni mali ya mwenyekiti wa kijiji kuwauzia wageni. Ipo njia ya kutangaza ardhi imetelekezwa: sheria inazungumzia miaka isiyopungua mitano bila kutumika. Hata hiyo ina taratibu zake za notisi na kusikiliza watu, na kulaza shamba ili lipumzike hakuhesabiwi utelekezaji. Dalali anayesema "mwenyewe ni kijiji tu" anaruka ngazi nne kwa mguu mmoja.

Nimejifunza kwamba swali "hii ardhi ni ya nani?" halina faida. Jibu lake limekwisha kutungwa kabla hujafika. Uliza: nani alilima hapa kabla ya Operesheni? Nani amezikwa hapa? Mahari ya fulani ililishwa wapi? Uliza wazee watatu waliokaa mbalimbali, na usiwakusanye. Waulize wanawake walioolewa pale zamani, kwa sababu bibi arusi aliyeletwa 1968 alioneshwa mipaka ya majirani kwa umakini kuliko mtoto aliyekulia hapo. Na waulize wachungaji. Mchungaji hajali ukoo wa mtu, lakini anajua maji yanakaa wapi mwezi wa tatu na ng'ombe hupita wapi mwezi wa tisa.

Ishara zenyewe ziko ardhini kwa mwenye macho. Kuna minyaa. Kuna mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati kama sahani, ambayo hayahami kwa sababu ni mazito. Kuna rundo la mawe lisilo na sababu ya kuwa rundo. Na kuna duara la nyasi zilizo nene na kijani kuliko za jirani, hasa mvua inapokatika: hapo palikuwa zizi.

Udongo unataka siku mbili tofauti. Njoo Oktoba, kabla ya mvua za mwisho wa Novemba, utembee eneo lote ukitazama chini. Nyufa unazoweza kutia vidole zinakuambia uko juu ya mfinyanzi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupata nyufa kwenye pembe za madirisha kabla rangi haijakauka vizuri, na fundi atamlaumu muuza saruji. Kisha rudi Machi. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, na kwa mwaka hauzidi sana milimita 700, kwa hiyo watu hudhani mafuriko ni ya pwani. Mvua hiyo chache huja kwa vishindo, na tambarare haina pa kuipeleka. Waulize wenyeji maji yalifika wapi mwaka wa El Nino, 1997 kuingia 1998. Watakuonesha kwa fimbo, na kila mmoja atakuonesha pale pale.

Chimba shimo la kimo cha kiuno. Gharama yake ni nusu siku ya kijana mmoja. Udongo mwekundu au wa kahawia unaoendelea hadi chini ni dalili njema. Ukianza kuona kijivu chenye mabaka ya kutu, maji husimama hapo sehemu ya mwaka, na choo chako kitasimama nayo. Chukua konzi, ulowanishe, uusokote kati ya viganja: ukitoka uzi mrefu usiokatika, ni mfinyanzi. Mimina ndoo ya maji shimoni, utazame saa. Kama baada ya kunywa chai maji yangali pale, shimo limekwisha kukujibu.

Walio na elimu na fedha kuliko mwalimu wangu waliwahi kuidharau hatua hii. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kukagua ardhi ya kulima karanga, na ujumbe huo ulipita Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka kwenye ndege. Kongwa, jirani zetu wa Dodoma, ilionekana safi kutoka juu: pana, wazi, watu wachache. Wagogo walijua kwa nini ni wachache. Matrekta yalipoanza kazi 1947 yalikutana na mibuyu na visiki, na baada ya mvua kukatika udongo ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikakwama ndani yake. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Hakuna aliyechimba shimo la kimo cha kiuno na kusubiri Machi.

Maji ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hapa macho hayasaidii.

Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipotoka Ugogo iliingia kwenye nyika waliyoiita Mgunda Mkali, vichaka vya Manyoni na Itigi vya leo, na wapagazi walijaza vibuyu na kukaza mwendo kwa sababu hawakujua watapata maji lini. Leo una mashine ya kuchimba kisima na unaweza kudhani Mgunda Mkali umekwisha. Chini ya sehemu kubwa ya mkoa kuna mwamba wa matale, uleule unaochomoza kama mawe makubwa yaliyopangana mjini Singida, na maji hukaa kwenye nyufa za mwamba huo tu. Visima viwili vilivyoachana mita mia vinaweza kuwa kimoja cha familia kumi na kingine cha vumbi.

Yakipatikana, yaonje. Chumvi utaijua kwa ulimi. Floridi hutaijua. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayojulikana kwa floridi nyingi katika maji ya chini, pamoja na Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga, na dalili yake unaiona kwenye tabasamu za watu waliokulia kwenye kisima kimoja: meno yenye mabaka ya kahawia, ambayo mswaki hauyaondoi kwa sababu yaliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu ya kukosa maji mbadala. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na kuiacha floridi ikiwa nzito zaidi. Ni kosa linaloonekana baada ya miaka minane, wapangaji wako wakiwa na watoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo usinunue kwa ahadi ya kisima. Chukua sampuli kwenye kisima kilicho karibu zaidi na eneo, uipeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, na usubiri karatasi. Nenda pia RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi 2019, uulize kama kijiji kimo kwenye mpango wao na chanzo ni kipi. Mwuzaji akikuharakisha kabla majibu hayajatoka, hiyo nayo ni sampuli.

Barabara nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayowavutia wengi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Hapo awali zilikuwa 22.5 kila upande. Wasafiri wote wanazijua X za rangi kwenye kuta: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na ya kijani kwa aliyeguswa na zile mita saba na nusu za nyongeza. Ekari nane za mwalimu zilikuwa na mita 200 kando ya lami, na dalali alikuwa amepima kuanzia ukingo wa lami yenyewe. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: mita 26 kuingia ndani (zile 30 ukitoa nusu ya upana wa lami) mara 200 ni mita za mraba 5,200. Zaidi ya ekari moja na robo, tena ile iliyokuwa ya bei mbaya zaidi, ilikuwa ya barabara. Mwalimu alikuwa akinunua hifadhi ya serikali kutoka kwa mtu mwenye bodaboda.

Mistari mingine haionekani kabisa. Mkoa unapitiwa na njia kubwa ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kwenda Shinyanga, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linakata wilaya za kaskazini kwa mkuza wa mita 30. Bomba likishafukiwa na nyasi kuota, utaapa ni malisho. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina ramani zake, na kuziangalia ni asubuhi moja.

Na usinunue barabara au reli ambayo haijafika. Kilimatinde ilikuwa mji wakati Manyoni ni pori. Ilikaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya njia ya misafara, Wajerumani wakaweka boma lao pale, na mtu mwenye fedha mwaka 1905 angekuwa na kila sababu ya kununua kiwanja Kilimatinde. Kisha reli ya kati ikaja ikitokea Dodoma, ikapandia Saranda na kutokea Manyoni. Makao ya wilaya yakaifuata. Kilimatinde ikabaki na hospitali yake ya misheni na mandhari nzuri kuliko zote katika wilaya. Nasikia sasa bei zinavyopanda Makutupora, Manyoni na Itigi kwa ajili ya reli ya kisasa. Huenda wanunuzi wako sahihi. Walioko Kilimatinde nao walikuwa sahihi, hadi wahandisi walipoamua vingine.

Tulikwenda ofisi ya kijiji bila dalali. Kijiji sikitaji. Mtendaji alitukaribisha vizuri, akatoa muhtasari wa kikao kilichoidhinisha kuuza zile ekari nane. Ulikuwa na mhuri, saini sita na tarehe. Nilimwuliza kama kuna muhtasari wa mkutano mkuu. Akasema halmashauri ya kijiji ilikuwa imetosha.

Haitoshi. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji kama mdhamini, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mtu mzima. Ukutani nyuma ya mtendaji kulikuwa na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, iliyoandaliwa chini ya sheria ya 2007, yenye rangi za makazi, kilimo, malisho na akiba. Nilisogea polepole. Ekari zetu zilikuwa zimepakwa rangi ya malisho. Mtendaji aligeuka kuitazama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, na sidhani alikuwa anaigiza. Ramani nyingi za namna hii hutengenezwa na timu ya wilaya kwa siku chache, zikabandikwa, na buibui akazichukua.

Mzee tuliyemkuta siku iliyofuata ndiye aliyemaliza mambo. Tulimwamkia, akaitikia, akatwambia tukae. Mwalimu alieleza shida yake kwa kirefu, kama walimu wanavyofanya. Mzee alichukua fimbo akaongozana nasi hadi kwenye minyaa, akasimama ndani ya kona yake.

"Mwalimu, hapo uliposimama palikuwa zizi la baba yangu. Mimi nilizaliwa pale kwenye lile jiwe. Walikuja na lori, mwezi wa nane, uwele umekwisha kuvunwa. Hatukubishana."

"Na sasa, mzee, mnapatumia?"

"Tunapatazama." Akacheka. "Lakini hata ningekupa bure, hapa chini usijenge. Baba alijenga hapa kwa sababu ndugu zake wakubwa walichukua juu. Kila masika tulikuwa tunahamisha kuku wakalale ndani."

Alitupandisha hadi mgongoni mwa mwinuko, mita mia nne kutoka lami, kwenye shamba la ukoo wake lililolazwa. Tulichimba mashimo mawili, moja juu na moja chini, tukayafunika kwa miiba. Tuliporudi Machi shimo la chini lilikuwa na vyura. La juu lilikuwa na unyevu kama wa nguo iliyokamuliwa, na wekundu hadi kitako. Karatasi ya maabara, ya kisima cha shule kilicho karibu, ilisema floridi ni 1.1.

Ukoo ulikaa, ukakubali ekari tatu. Jambo likapelekwa kwenye mkutano mkuu, chini ya mkwaju, mwalimu akiwa na mchoro wa viwanja tisa uliochorwa na kijana wa mipangomiji kwa rangi nzuri. Watu waliuliza kuhusu ada ya kijiji, kuhusu vyoo, kuhusu wapangaji wageni. Mwalimu akajibu yote. Mwenyekiti alikuwa akijiandaa kuhesabu mikono, bibi mmoja aliyekaa nyuma akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Mwalimu, karibu kijijini. Mimi nauliza tu, ng'ombe wakitoka kwetu kwenda lamboni watapita wapi?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria, mimi nikiwamo. Mzee alikuwa anajua na alisahau kusema, kwa sababu njia hiyo kwake ilikuwa kama mlango wa nyumba yake. Kijana wa mipangomiji alikunjua mchoro juu ya boneti la gari, wachungaji wawili wakaja na vijiti, wakamwonesha. Mchoro ukachorwa upya palepale kwa penseli, na kiwanja namba saba kikageuka kuwa njia ya ng'ombe.